Chuma Husifiwa Mlimani

Chuma husifiwa mlimani, si kituoni.

Wajukuu wa Bi Nakijwa waliyasikia maneno hayo uwanjani, kocha alipowanyamazisha watu waliokuwa wakimshangilia golikipa mpya kwa uzuri wa glovu zake, na mpira wenyewe haujaanza. Waliporudi nyumbani walimkuta bibi yao akichambua maharage, wakamuuliza: chuma gani hicho, na mlima upi? Bi Nakijwa akawasogezea ungo ili mikono yao nayo isikae bure. Akawaambia kwamba methali hiyo haikutoka mbali. Chimbuko lake ni hapo hapo njia panda, na mambo yalikwenda hivi.

Palikuwa na kijana wa bodaboda aliyeitwa Elinami. Alikuwa dereva mwangalifu, hanywi, hagombani na abiria. Pikipiki yake aliipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa kwanza aliyemnunua kwa jasho lake. Kabla ya kunywa chai aliifuta vumbi. Chai ingepoa, lakini vumbi lisingelala.

Siku moja aliteremka mjini kununua tairi, akaona dukani mkono wa nyuma wa pikipiki, ile sehemu inayolishika gurudumu la nyuma na kuliunganisha na mwili wa chombo. Huo ulikuwa mrefu kuliko ule ambao pikipiki yake ilikuja nao kutoka kiwandani, umenyooka vizuri, unameta kama kijiko kipya. Ukiufunga, pikipiki inarefuka na kuinama chini kama zile za mashindano. Elinami akautazama, akaaga, akafika mlangoni, akarudi.

Aliupeleka kwa fundi Togolai. Fundi akauning'iniza kwenye vidole viwili, akaugonga kwa spana, akausikiliza.

"Mzuri," akasema.

"Si nilijua!"

"Mzuri wa macho. Bomba lake ni jembamba. Halafu huu urefu, barabara ya lami itakupenda, lakini huku kwetu ni kona na mawe."

"Kwa hiyo utavunjika?"

"Sijasema utavunjika. Nasema mimi sijui, na wewe hujui. Tuufunge, upakie mawe, upande nao mlima peke yako. Ukirudi salama, tutausifu pamoja."

Elinami akacheka. Mawe yangeukwaruza, na hakuununua ili aukwaruze.

Alipofika nao kituoni, madereva waliacha abiria wakamzunguka. Mmoja alichuchumaa akajitazama uso kwenye kile chuma, akatengeneza nywele. Elinami mwenyewe akawa haegeshi tena penye kivuli. Aliegesha pembeni, jua linapopiga, watu wapate kuiona.

Karibu naye siku zote alikuwapo Semvua, rika lake. Mkono wa nyuma wa pikipiki ya Semvua ulikuwa umeongezewa na Togolai kipande kinene cha chuma upande wa chini, kikachomelewa mishono mikubwa kama kovu, kisha ukapakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa nyumba. Wenzake waliiita pikipiki hiyo Mlango. Semvua hakuchukia, alikuwa akiitikia.

Kwa majuma kadhaa Elinami alibeba watu kwenye barabara ya tambarare ya kwenda sokoni, na hakuna kilichoharibika. Kisha masika yakaingia. Maji yakaikata barabara ya mlimani, magari yakashindwa kupanda, zikabaki pikipiki tu.

Asubuhi moja, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, Bi Namkunda, mkunga wa zahanati, alifika kituoni na mkoba wake, anahema. Juu kabisa mlimani mwanamke mmoja, Naetwe, alikuwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza tangu alfajiri, na hali yake haikuwa nzuri. Foleni ilikuwa ya Semvua. Bi Namkunda akaitazama Mlango, matope yamegandamana na rangi imebanduka. Akaitazama ya Elinami.

"Nitapanda hii," akasema. "Hii ndiyo itakayonifikisha."

"Haya, mama, nenda salama," Semvua akajibu. Akageuka kupakia mifuko ya mbolea ya mteja wake wa huko huko juu.

Kona ya kwanza Elinami aliipita. Ya pili pikipiki ilikataa kukunja. Ilichukua njia nzima hadi kwenye ukingo wa korongo. Mawe yakawa yanakwangua chini ya injini. Halafu akausikia mgongo wa pikipiki ukicheza, kulia, kushoto, kama mkia wa mbuzi. Aliusikia kiunoni kabla hajausikia masikioni. Alitaka kusimama. Lakini nyuma yake kulikuwa na mkunga anayehimiza, na mbele kulikuwa na aibu.

"Shika vizuri, mama," akasema tu.

Kwenye mwinuko mkali kuliko yote, chuma kilialika kama ukuni mkavu. Gurudumu la nyuma likalala upande. Elinami akaiegemeza pikipiki upande wa kilima kwa nguvu zake zote, ikamwangukia mguuni, na Bi Namkunda akabwagwa kwenye majani. Kitu cha kwanza alichookota ni mkoba. Kisha akamtazama kijana.

"Umeumia?"

"Hapana, mama. Wewe je?"

"Mimi mzima. Ni Naetwe asiye mzima."

Elinami akaangalia juu alikobakiza kwenda. Ndipo wakasikia mngurumo ukipanda taratibu. Ilikuwa Mlango. Semvua alisimama, akaona. Akashusha mifuko ya mbolea akailaza kwenye nyasi.

"Panda, mama." Kisha kwa Elinami: "Mguu?"

"Mzima."

"Basi nilindie mbolea ya watu."

Elinami akabaki ameketi juu ya mfuko. Alisikiliza ile sauti ikipanda kona baada ya kona, haiyumbi, mpaka ikamezwa na ukungu. Kile chuma kilichomchanganya dukani kilikuwa miguuni pake, kimepasuka, na hakukitazama. Alikuwa akimwaza mwanamke asiyemjua hata sura.

Semvua aliporudi jua lilikuwa limeshapanda. "Mtoto wa kike," akasema. "Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Bi Namkunda anasema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunachimba kaburi."

Jioni Elinami alikwenda zahanati, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Na mimi nisamehe," akasema Bi Namkunda. Kijana akashangaa. "Foleni ilikuwa ya Semvua. Watu wa mlima huu nimewapokea kwa mikono hii, wewe ukiwamo, halafu leo nimechagua chombo kama mtoto anavyochagua pipi, kwa karatasi yake. Tulikisifu kituoni, mwanangu, mimi na wewe. Chuma husifiwa mlimani."

Kesho yake Elinami akaenda kwa Togolai. "Nitengenezee mwingine," akasema. "Uwe mnene, na urefu wake uwe ule wa kiwandani. Ukiweza kupendeza, sitakataa."

Togolai akacheka. "Uzuri haujamkosea mtu. Usitangulie tu."

Waliufunga bado mweusi kwa moshi wa kuchomelea. Elinami akapakia mawe, akapanda mpaka nyumbani kwa Naetwe, akashuka. Togolai akalala chali kwenye vumbi akakagua mshono mmoja mmoja kwa kidole. Elinami akapanda tena. Aliporudi mara ya pili ndipo fundi alipomrushia msasa na kopo la rangi, rangi nzuri ya fedha.

Kituoni watu wakaanza tena: aa, Elinami, safari hii umeua! Semvua, aliyekuwa amekaa juu ya Mlango akimenya muwa, akawakata kauli. "Mmechelewa," akasema. "Huyu ameshasifiwa huko juu. Chuma husifiwa mlimani, si kituoni."

Na hivyo ndivyo watu wa njia panda wanavyosema hadi leo, iwe ni juu ya jembe, mchumba, au kiongozi anayeomba kura: chuma husifiwa mlimani, si kituoni.