Posho ya Shingo

Haya, mnaojiona wajanja sogeeni mbele, kisa hiki ni chenu. Ukame uliikamata nyika, mito ikakauka, kikabaki kisima kimoja tu. Kila jioni wanyama walipanga foleni, wenye nguvu mbele, wanyonge nyuma. Fisi hakuwa mnyonge, ila kwa kuwa hakuna aliyempenda, alisukumwa mwisho kabisa. Huko alikuta tope, akalinywa huku akijiambia kwamba tope lina vitamini.

Simba, mfalme wa nyika, akachoshwa na ugomvi wa foleni. Akatangaza msimu mpya wa ligi ya mpira wa kikapu: mwenye timu bingwa atakunywa wa kwanza mpaka mvua inyeshe. Lakini nani angekimbia na kiu ile? Basi ligi ikawa ya kuigiza. Kila mchezaji alikuwa na kete yake, kubwa kwa mrefu, ndogo kwa mfupi. Kobe, mwamuzi, alizirusha kwa ungo kuelekea kikapuni, na wenye timu walikaa pembeni wakipiga kelele mpaka mishipa ikawatoka.

"Mchezaji analipwa maji," Simba alinguruma. "Ila mishahara ya timu nzima isizidi kibuyu kimoja. Sitaki mtu azoe warefu wote!"

Aliyesema hivyo ndiye aliyewazoa msimu uliopita, lakini hakuna aliyejitolea kumkumbusha.

Sungura akagawa kibuyu chake kwa Nguchiro, Kanga na Digidigi, wakaridhika. Fisi yeye aliwataka Twiga, Tembo na Mbuni, na Twiga peke yake alidai kibuyu kizima. Fisi akazunguka kichuguu akifikiri, kazi asiyoizoea, mpaka kichwa kikamuuma. Ndipo neno likamjia.

"Bwana Twiga," alisema, "mshahara sikupi hata tone. Nakupa posho ya shingo. Tembo atapata posho ya mkonga, Mbuni ya miguu. Tukishinda, mtakunywa kisimani mpaka basi."

"Na sheria?"

"Sheria inasema mishahara. Umesikia posho imetajwa humo?"

Twiga hakuwa ameisikia. Fisi akakinywa kibuyu cha mishahara mwenyewe, akajipigapiga begani, maana hakuna mwingine aliyekuwa na mpango wa kumpongeza.

Ligi ikaenda kama alivyoota. Kete ya Twiga ilikuwa haikosi kikapu, na ya Tembo ilizisukuma nyingine zote nje. Fisi akawa bingwa. Akacheka kicheko chake kile, akaelekea kisimani ulimi nje.

"Hongera, kaka Fisi," Sungura akamsimamisha. "Ila watu wananong'ona eti umezidisha kibuyu. Mimi nakutetea. Hebu mwambie Mzee Simba mwenyewe: ulichowaahidi hawa ni mshahara?"

"Mshahara? Thubutu!" Fisi akatoa kifua. "Ni posho! Posho si mshahara, hata mtoto anajua."

"Mzee umesikia," Sungura akasema. "Hapa kwetu mchezaji analipwa nini?"

"Mshahara," akajibu Simba, aliyependa maswali anayoyaweza.

"Na anayekuja, akakaa, akapokea posho, akaondoka?"

Simba akakuna sharubu. "Huyo ni mgeni mwalikwa."

"Na vikapu vya wageni waalikwa?"

"Havihesabiwi!"

Kobe akaziondoa kete za Twiga, Tembo na Mbuni. Timu ya Fisi ikabaki na Fisi. Sungura, aliyekuwa wa pili, akatangazwa bingwa, akanywa wa kwanza na kina Nguchiro wake, na Fisi akarudishwa mwisho wa foleni.

Laiti yangeishia hapo. Nyikani mgeni hanyimwi maji, tena hunywa kabla ya mwenyeji wake. Twiga, Tembo na Mbuni walikuwa wamekwisha kunywa kwa zamu zao, lakini wakarudi, wakajipanga mbele ya Fisi kwa adabu. Fisi aliona aibu mpaka masikioni. Alijiuliza kichwa hiki alipewa cha kazi gani, kama si kuyatenganisha masikio hayo. Katika maneno yote ya duniani alichagua moja, akalitangaza mwenyewe kwa sauti, na kifua akatoa!

Tembo akanyonya tope la mwisho, akajipangusa, akageuka.

"Mwenyeji wetu," alisema kwa heshima zote, "kesho posho ni saa ngapi?"