Anayenuna Ndiye Aliyeanza

Palikuwa na sultani, na asingekuwapo pasingepungua kitu. Jina lake Mwinyigogo, mji wake Kisangoni. Zizi lake lilijaa ng'ombe, lakini macho hayakumtoka kwenye kuku wa wenzake. Mwizi mwenye haya huiba akajificha. Huyu aliiba mchana, akicheka, na nyuma yake askari wanne wa kumbebea.

Kisa chenyewe kilikuwa utani. Kisangoni walikaa Wanyamwezi wengi waliokuja na misafara wakalowea, na wao na watu wa pwani ni watani. Mtani huingia kwako akabeba jogoo, nawe unacheka, kwa sababu kesho utakwenda kwake ukabebe sufuria. Mwinyigogo aliipenda mila hiyo nusu yake ya kwanza. Alibeba yeye, akabebewa na nani? Na ili asisumbuliwe na manung'uniko, akapiga mbiu: katika utani, anayenuna ndiye aliyeanza ugomvi, na anayeanza ugomvi na Sultani atahama mji siku hiyo hiyo. Nyumba saba zilikuwa zimeshahama. Waliobaki walijifunza kucheka huku wanalia.

Siku moja ikawa zamu ya Kapela, mmoja wa Wanyamwezi hao. Zamani Kapela alikuwa mpagazi, magoti yakamkataa, sasa akisuka vikapu. Mali yake ilikuwa ulimi na mbuzi mmoja mweusi, sikio limekatika. Ulimi ulimlisha yeye maneno tu, lakini mbuzi yule alimlisha mjukuu wake, kitoto cha miezi minne ambacho mama yake alifariki siku ya kukizaa. Mwinyigogo aliingia uani, akamshika mbuzi kwa lile sikio bovu, akasema utani huu, mtani, akaondoka naye. Kapela akacheka kama sheria ilivyotaka. Alipoingia ndani hakumficha mkewe hasira yake.

Siku mbili mtoto alilishwa uji mwepesi, akautema. Siku ya tatu hata kulia alilia kwa sauti ndogo. Nyamizi, mkewe, akamsihi wahame wenyewe kabla hawajafukuzwa. Kapela akamjibu kwamba mtoto hatafika hata mto wa kwanza. Kisha akatoka kwenda kwa jirani kuazima jembe.

Ijumaa, watu walipokwisha kusali na Sultani hajatokea barazani, Kapela aliingia uwanja wa jumba, akapima ardhi kwa hatua, akaanza kuchimba. Askari hawakumzuia. Kila mtu wa Kisangoni anajua kwamba mtani ndiye mchimba kaburi, na akimaliza hupewa mbuzi, tena huchagua mwenyewe. Wakadhani msiba umetokea ndani na wao ndio wa mwisho kuambiwa, kama kawaida yao. Mmoja akamletea maji ya kulainisha udongo. Mwingine akaanza kufuta machozi, asijue anamlilia nani.

Mwinyigogo alipotoka, baraza limejaa, shimo limemfika Kapela kifuani.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe, mtani."

"Mimi niko hai."

"Hilo waseme wengine. Maiti hajitolei ushahidi."

"Nani kakwambia nimekufa?"

"Mbuzi. Nilipoona mwenye zizi zima la ng'ombe anamkamua mbuzi wa yatima, nikasema, maskini, haya zake zimeshakufa, na mwenyewe hawezi kuwa mbali."

Sultani akasimama, ndevu zinamcheza. Akawageukia watu wa baraza, akasema wote wameona, mtu huyu amemchokoza nyumbani kwake, mchana, mbele ya wageni. Yeye ndiye aliyeanza, na jua lisimchwee mjini.

Kapela aliegemea mpini wa jembe. Alijua hapo ndipo mjukuu wake anapona au anakufa.

"Maulana, umenuna?"

Mwinyigogo akafumbua kinywa aseme ndiyo. Akaona neno hilo linakompeleka, akakifumba.

"Nani kasema nimenuna?"

"Hakuna. Nauliza tu, sheria ni yako. Anayenuna ndiye aliyeanza, na aliyeanza anahama. Kama ni wewe, tutakusindikiza mpaka nje ya mji, na ngoma tutapiga bure."

Huko nyuma mtu akakohoa kikohozi kirefu kisicho cha ugonjwa. Sultani akatazama baraza lote, uso kwa uso, akitafuta hata mmoja wa kumtetea. Wote walikuwa wanayatazama makubadhi yao. Basi akacheka. Alicheka kama mtu anayemeza mwiba wa samaki.

"Sikununa. Nacheka. Utani huu."

"Alhamdulillahi. Basi kaburi ni halali, na mchimbaji anadai mbuzi wake. Nimeshamchagua. Mweusi, sikio limekatika."

Hapakuwa na pa kutokea. Mbuzi akaletwa, chuchu zimejaa, na askari aliyemleta alikuwa wa kwanza kutabasamu. Kapela akamfunga kamba, ncha yake akaifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, asije akabebwa tena. Angeweza kwenda zake. Lakini Mwinyigogo, mtu asiyejua kushindwa vizuri, akataka neno la mwisho liwe lake. Akamwambia, kwa sauti ya bwana kwa mtwana:

"Mbuzi umepata. Sasa fukia shimo lako uondoke."

"Kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, Maulana, hata watoto wanajua. Izike humu hiyo sheria yako, au ingia mwenyewe, nimelipima kwa kimo chako. Ila amua upesi, jembe nimeazima."