Tumbili na King'ora cha Mtoni

Haya, nyie! Mpo?
(Tupo!)
Masikio mnayo?
(Tunayo!)
Na simu mmezizima?
(Tumezizima!)
Waongo wakubwa! Ile inayowaka kule nyuma ni koroboi? Iweke chini nisimulie.

Hapo kale, kale mno, Tumbili alikuwa fundi wa kompyuta. Msiniulize umeme aliutoa wapi, nitawafukuza. Yeye ndiye aliyetengeneza king'ora cha mtoni. Maji yakipanda, kompyuta inakiamuru, king'ora kinalia, wanyama wa bondeni wanakimbilia juu.

Siku moja king'ora kikaharibika. Mama Fuko akapanda kwa Tumbili, wanawe wawili wamemng'ang'ania. Fuko haoni, mnajua. Anaishi shimoni kando ya mto, anategemea masikio tu.

"Tumbili baba, king'ora kimekufa na mvua inakuja. Nina watoto."

"Usijali, mama. Leo leo kitalia."

Na kweli alikusudia. Akafungua kompyuta, akaanza kuandika amri. Simu ikalia, ting! Kasuku katuma picha kwenye kundi lao: Kiboko kavunja kiti harusini. Tumbili akacheka mpaka akashika mbavu. Akatafuta na picha nyingine.

Mama Fuko akatuma sauti: "Tumbili baba, bado?"

"Bado kidogo, mama."

Akaandika kidogo. Ting! Nyani na Pundamilia wanagombana nani mzuri. Tumbili naye akatia neno. Angekubali kupitwa, jamani?

Mama Fuko akatuma tena. "Tumbili baba, bado?" Akatuma na nyingine. "Tumbili baba, bado?"

Tumbili akakasirika. "Aa! Kwa kelele hizi nitafanya kazi saa ngapi? Ngoja nizipunguze."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapoumia. Akashika simu. Kundi la Kasuku akaliacha liendelee kulia. Sauti ya Mama Fuko ndiyo aliyoizima. Akarudi kwenye kompyuta, anajiona amejirekebisha kweli kweli.

Mchana mvua ikapiga milimani, mto ukavimba. Mama Fuko akasikia maji mlangoni, yameziba njia ya kutokea. Akapiga simu. Kimya. Akatuma sauti:

"Tumbili baba, maji yaja!
Tumbili baba, nina wana!"

Kimya. Akapiga tena, maji yamemfika kifuani. Kimya. Akapiga mara ya tatu, maji yamemfika shingoni. Tumbili wakati huo alikuwa anamjibu Nyani, aliyemcheka mkia wake.

Jioni Tumbili akamaliza kazi. King'ora kikalia, bonde zima likasikia. Akashuka mbio kumpelekea Mama Fuko habari njema. Akamkuta peke yake kwenye matope, anapapasa pale palipokuwa na shimo lake.

"Mama Fuko! Kimepona! Unakisikia?"

"Nakisikia, baba," akasema. "Wanangu hawakukisikia."

Tumbili akaanguka chini akalia. Kisha akaanza kufukua matope pamoja naye. Wakafukua, wakafukua. Maskini, hawakupata kitu.

Basi wanangu, kazi iliyobeba roho za wenzako inataka utulivu, hilo kweli. Lakini kabla hujazima sauti, tazama ni ya nani. Mara nyingi tunamzima anayetuhitaji, tunamwacha anayetuchekesha.

Ngano yangu imekomea hapo. Iliyo tamu nendeni nayo, iliyo chungu niachieni mimi niliyeileta.