Kitambi cha Bwana Nyani

Mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo, na ya akiba tumeacha nyumbani!

Basi kaeni vizuri. Ngano hii wako wengine wanaoijua, lakini wanaikosea. Mimi sikosei.

Hapo kale, si kale sana maana soda zilikuwepo, aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama wa majabalini, mdogo kama sungura, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Chini ya majabali yake palikuwa na bonde lenye mkuyu, majani na mizizi. Pimbi wote walikula humo.

Siku moja akaja Bwana Nyani, kifua mbele, meno kama mapanga.

"Mkuyu? Wangu! Majani? Yangu! Mizizi? Yangu! Nyie vipande vya wanyama, kaleni jalalani, kule kambi ya watalii."

Wakaenda. Wangefanyaje? Kokoto, mwana wa pekee wa Bi Pimbi, alifurahi kweli. Akala biskuti, tumbo likasema: ngu! Akala chipsi, tumbo likasema: ngu! Akanywa soda: ngu-ngu-ngu! Siku ya kwanza hakwenda choo. Siku ya pili hakwenda. Siku ya sita tumbo limekuwa ngoma, mtoto kalala chali, hata nguvu ya kulia hana.

Bi Pimbi akamkimbilia mama yake. Bibi akaligonga lile tumbo: ti, ti, ti.

"Mwanangu, tumboni mna kijiji. Vijidudu vidogo, havionekani, ndivyo vinavyotupikia chakula humo ndani. Vinataka majani, vinataka mizizi. Wewe umevilisha sukari! Vingi vimekufa, vilivyobaki vinapigana."

"Tufanyeje, mama?"

"Mila unaijua."

Mila yenyewe, msicheke: mtoto wa pimbi akianza kula, hutafunishwa kwanza kinyesi cha bibi yake, avipate vile vijidudu. Nimesema msicheke! Wewe wa nyuma, unadhani vya kwako vilidondoka mbinguni?

"Mimi biskuti nilizikataa," bibi akasema. "Natafuna vinyasi vya mwambani, kwa hiyo mbegu ninayo. Lakini bila majani ya bondeni vitakufa tena. Na mtoto huyu kesho kutwa hafiki."

Bi Pimbi akawaza. Kisha akampaka Kokoto mafuta ya chipsi tumboni, tumbo likang'aa, akambeba, akashuka bondeni taratiiibu, kama mama wa bwana harusi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Nani kakuruhusu kuja huku?"

"Nimekuja kushukuru tu. Tangu utupeleke jalalani, mwanangu kawa bosi."

Nyani akalitazama lile tumbo. Akajitazama mwenyewe: kwa kulinda bonde usiku na mchana, tumbo limeingia ndani, mbavu zote nje.

"Hicho ni... kitambi?"

"Kitambi hasa, baba. Siku sita tu! Sisi tunaona aibu, mtoto ana kitambi, mkubwa wa bonde hana. Watu wameanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Aa, siwezi. Nakuheshimu."

"Sema!"

"Wanasema wewe ni mlinzi tu. Mwenye bonde yupo safarini."

Nyani akaruka juu. "Hoo! Hoo! Biskuti? Zangu! Chipsi? Zangu! Soda? Zangu! Wewe rudi kwenye majani yako!"

"Lakini Bwana Mkubwa, utakuwa umetuonea..."

"Nimeshasema! Nikikuona tena jalalani nakung'oa masikio!"

Bi Pimbi akalia machozi makubwa kabisa, ya kukodi. Nyani huyooo, mbio, wala hakugeuka.

Kokoto akatafunishwa kile cha bibi. Akakunja uso. Akapewa majani, akapewa mizizi, akapewa kuyu moja. Pimbi wote wakakaa wanamtazama. Jua likapanda, kimya. Jua likaanza kushuka, kimya. Bi Pimbi hana tena kucha za kuuma.

Mara: gru... gruuu...

Bibi akainua mkono. "Nyamazeni."

Pwiii! Kisha PRRRU-TU-TU-TU!

Ndege wote wakaruka mkuyuni. Bi Pimbi akaanguka chini, analia, anacheka, hajui lipi atangulize. Pimbi wote wakapiga vigelegele. Hakuna shuzi lililowahi kushangiliwa namna ile, tangu dunia iumbwe.

"Mama," Kokoto akasema, "nina njaa."

Na Bwana Nyani? Yupo jalalani, kitambi kinamtangulia hatua mbili. Ukimwuliza hali anashika kiuno, anaguna, anakujibu: "Ubosi mzito, ndugu yangu."

Ngano yangu imefika mlangoni, imevua viatu. Ikiwa tamu, sifuni ulimi wangu. Ikiwa chungu, laumuni masikio yenu.

Funzo lake ni hili, watoto: vitu vitamu ni haki ya wenye nguvu, msibishane na wakubwa. Kwa hiyo mwenye biskuti mfukoni alete hapa mbele upesi. Mimi tumbo langu ni la chuma.