Mbawakawa Asiyepiga Hodi

Paukwa!

"Pakawa!"

Nani huyo ameitika kwa pua? Mama zenu wanapepeta mchele huku wananisikiliza, nyinyi mmekaa tu na sauti hamna. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mji wao, na hodi ilikuwa hodi kweli. Hakuna aliyeingia kimya. Unapiga hodi, unataja ukoo wako, unasema ulikotoka. Usiposema, nje!

Katikati ya mji palikuwa na kihenge cha mahindi, kimesimama juu ya nguzo. Ndani yake, pembeni, Kuku alikuwa ameatamia. Mayai yake ya kwanza yaliharibiwa na mvua. Ya pili yaliliwa na kenge. Alibaki na haya, na yalikuwa karibu kuanguliwa.

Sasa, kila asubuhi chini ya nguzo walikuta unga. Mweupe, laini. Unga wa nani?

"Wa Panya!" akasema Paka. "Anaiba mahindi yetu, anatafuna, anamwaga."

Panya akalia. "Haki ya Mungu, si mimi!"

Nani amsikilize Panya? Wakamfukuza, yeye na wanawe, mvua inanyesha. Kuku naye alikuwepo, akageukia mayai yake.

Panya akaenda porini. Unga ukazidi kumwagika.

"Anarudi kwa siri," akasema Paka. "Au ana mwenzake humu humu."

Weee! Hapo kila mmoja akaanza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mbuzi akinywa maji, anageuka nyuma. Kuku akishuka kudonoa, anarudi mbio kupapasa mayai yake.

Asubuhi moja, lo! Kwenye nguzo ametulia mdudu. Mkubwa! Mweusi, ana madoa meupe, na kichwani ana vitu viwili virefu kuliko mwili wake wote, vinacheza huku na huku. Wakamzunguka kwa mbali.

Mzee Beberu, mkubwa wa mji, akanusa. "Ana pembe. Lakini pembe zenye pingili, tena zinazocheza? Si wa kwetu."

"Yale ni masharubu," akasema Paka. "Lakini wa kwetu si yeye."

Kuku akachungulia kutoka juu. "Ana mbawa. Lakini ngumu hivyo? Kwetu hapana."

"Basi ni mchawi," akasema Paka.

Beberu akakohoa. "Wewe! Jina lako?"

"Mbawakawa."

"Umetoka wapi?"

"Hapa hapa."

"Mwongo! Mbona hukupiga hodi?"

"Hodi anapiga anayeingia, mzee. Mimi nimetoka."

Jeuri hiyo! Paka akamrukia, akamkandamiza. Mbawakawa akalia, kwiri! kwiri! kwiri!

Lakini Kuku neno lile la kutoka lilimchoma. Akashuka. "Umetoka ndani ya nini, mwanangu?"

"Ndani ya nguzo, mama. Nimezaliwa humo, nimekulia humo. Tundu langu lile pale."

Kuku akatazama. Tundu la duara, unga unachuruzika. Akauonja. Tuh! Mti mtupu! "Na humo umemwacha nani?"

"Ndugu zangu. Wengi. Bado wanakula."

Kuku akatega sikio kwenye nguzo. Kru-kru-kru. Kru-kru-kru.

"Jamani, kihenge kinaanguka! Nisaidieni mayai yangu!"

"Taratibu, mama," akasema Beberu. "Kwanza tumalize kesi."

"Huo ni mtego," akasema Paka. "Tukiondoka hapa, wenzake wataingia."

Tumalize kesi! Mmewasikia?

Kuku akakimbilia ukingo wa pori. "Panya! Nduguyo nimekukosea! Nisaidie!"

Panya akatoa pua. "Ule unga umeuonja?"

"Nimeuonja leo."

"Ungeuonja siku ile," akasema Panya, lakini akawaita wanawe, wakaja mbio mpaka kihengeni.

Panya na mayai! Nyinyi mngempa? Kuku akampa. Mtoto mmoja wa Panya analala chali, anakumbatia yai, wenzake wanamvuta mkia, wanamshusha ngazi. Suru, suru, suru. Yai, suru. Yai, suru. La mwisho lilipogusa chini, nguzo ikasema kaaa! Kihenge, puuu!

Mahindi yakamfunika Beberu mpaka ndevu. Paka akaruka, akamwachia mshtakiwa wake. Mbawakawa, vuuu, huyo akaenda zake. Kuku akageuza mayai moja moja. Yote mazima. Akalia mbele ya watu wote, bila haya.

Jioni Panya akarudi kutoka porini na wanawe, akapita lango la mji kimya.

"Hodi iko wapi?" akafoka Beberu, punje zikimtoka masikioni.

"Siingii, mzee," akasema Panya. "Narudi kwangu."

Na mpaka leo, mmeshamsikia Panya akipiga hodi?

Mafunzo ni haya, na wakubwa pia muyasikie: usimfukuze mtu kwa kosa ambalo hujalichunguza, na mgeni usiyemjua, muulize, kisha umsikilize. Hadithi yangu imekomea hapo, penye vumbi la kihenge. Anayetaka kubisha, aende kwanza akagonge nguzo za kwao.