Kwa Nini Watawa wa Amba Seret Huanika Mashuka Gengeni

Zamani hizo, watoto, ukingo wa Amba Seret ulikuwa mtupu. Mgeni aliyefika chini ya jabali hilo, huko nyanda za juu za Uhabeshi, aliona mwamba uliosimama wima kama ukuta na kamba ya ngozi ikining'inia, basi. Juu kulikuwa na monasteri ya Kiorthodoksi, lakini ukiwa chini usingejua kama kuna mtu anayepumua huko.

Wanaume waliruhusiwa kupanda kwa kamba ile kwenda kuzuru na kusali. Wanawake waliishia chini. Na kijana aliyepanda ili awe mtawa alisomewa sala za maziko siku ya kuvikwa joho, kwa maana alikuwa ameifia dunia. Jina lake la zamani lilizikwa siku hiyo. Kwa hiyo alipokuja kufa kifo chenyewe, hakuna aliyetumwa bondeni na habari. Mtu hazikwi mara mbili, walisema watawa.

Desturi hiyo ilimkosesha usingizi Abrehet, msokota pamba wa bondeni. Mwanawe wa pekee, Kinfe, alipanda akiwa hajaota hata ndevu. Tangu hapo Abrehet alisokota, akala, akaenda kanisani kama watu wote. Lakini kila alipopeleka chakula kitamu kinywani, mkono ulisita njiani. Hakutaka mwanawe arudi. Alikuwa amemtoa kwa Mungu, na kilichotolewa hakidaiwi. Alitaka kujua jambo moja tu: yu hai?

Miaka kadhaa ilipopita, sikukuu moja alimtuma kaka yake, Gebru, apande akamtazame. Gebru alishuka jioni, akaanza kusimulia: watakatifu wenye macho makubwa waliochorwa ukutani, dari ya mbao iliyochongwa simba na tembo, mabirika ya maji yaliyochimbwa ndani ya mwamba. Abrehet alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Na Kinfe?"

"Dada, wote wana ndevu, wote wamekonda, wote wameinamisha vichwa. Ningemjuaje?"

"Nimekutuma ukamtazame mtoto, wewe umetazama dari."

Kesho yake Abrehet alichukua pamba yake, akaenda kuketi chini ya kamba. Akasokota hapo siku nyingi, na mvua kubwa zikamkuta hapo hapo. Watawa waliokuwa wakivuta vikapu vya nafaka walimweleza mkuu wao, Aba Tekeste. Mzee huyo alichungulia, akamwona mwanamke mdogo kama punje, ameinua uso mvuani. Aba Tekeste naye alikuwa na mama, na hakujua alikufa lini.

Alifikiri sana. Kanuni ilikataza kutaja majina na kupeleka habari za vifo. Haikusema neno juu ya kuanika nguo. Mvua zilipokatika, aliwaagiza watawa wasianike tena mashuka yao uani nyuma ya kanisa. Kila Ijumaa, kila mmoja atandaze lake ukingoni, upande wa bonde.

Abrehet aliyaona asubuhi, meupe juu ya mwamba mwekundu. Hakujua lipi ni la Kinfe, wala kama limo. Lakini kila moja lilikuwa limetandazwa na mkono wa mtu aliye hai. Aliwaita wanawake wengine wenye wana huko juu, wakahesabu pamoja. Ijumaa iliyofuata wakahesabu tena, wakakuta hakuna lililopungua. Wakaanza kujichagulia, na kutaniana.

"Lile lililonyooka ni la mwanangu," alisema mmoja.

"La mwanao? Yule asiyejua hata kutandika kitanda?"

Miaka ikapita hivyo. Kisha Ijumaa moja shuka moja likakosekana. Wanawake walihesabu, wakarudia, hesabu ikabaki ile ile. Gebru alikuwa akipakia nafaka kikapuni, na mtawa aliyeshuka kuipokea akamnong'oneza ujumbe wa Aba Tekeste: kwa kuwa Abrehet ndiye aliyeketi mvuani, mzee yuko tayari kuvunja kanuni kwa ajili yake peke yake. Aulize, atajibiwa.

Gebru akamfikishia dada yake. Abrehet alitazama juu. Hilo ndilo alilokuwa akilitamani miaka yote. Kisha akawatazama wenzake, walioketi wamejifunika vichwa, kila mmoja akiogopa kumtazama mwingine.

"Usiulize, kaka," alisema. "Wakisema si Kinfe, nitashangilia, na mmoja wa hawa atalia peke yake."

"Na wakisema ni yeye?"

"Basi nitalia peke yangu. Acha tulie wote."

Wakalia wote. Jioni kila nyumba ilileta mkate, wakala pamoja chini ya jabali, na hakuna aliyetangulia kuondoka.

Na mpaka leo, watawa wa Amba Seret huanika mashuka yao gengeni kila Ijumaa, na wageni wanaokwenda kuzuru huombwa wasishike kamba mpaka kina mama wamalize kuhesabu. Shuka moja likikosekana, bonde zima huketi matanga, na hakuna anayeuliza lilikuwa la nani.