Kasha Lililovishwa Ngozi Mbichi

Asiyeamini anyanyue mkono sasa hivi. Haya, nyanyueni! Wewe Shembilu mwenye kichwa kama boga, nakuona unacheka. Kataa mapema, maana tukifika katikati ulimi wa kukatalia hutakuwa nao. Shule niliiacha darasa la tano, ni kweli, mwalimu alikuwa ameishiwa maswali ya kuniuliza. Lakini kisa hiki nimekipokea kwa babu, na babu alikipokea kwa babu yake, na hakuna kitabu kinachokijua. Mimi ninakijua.

Mpo?

Tupo!

Masikio?

Wazi!

Basi hapo kale, kale ile ambayo hata wazee wa kale waliiita kale, milima ikiwa bado haijapewa majina, palikuwa na mji wa mafundi wa mbao. Mji huo uliitwa Kwembao. Watu wake walikuwa na desturi moja, na desturi hiyo ndiyo itakayowafanya mlale na taa.

Mtu akifa Kwembao, kasha lake la kuwekea nguo halichomwi. Halitupwi. Haliuzwi. Linapelekwa kwa fundi likavishwe ngozi mpya na kupewa kazi mpya. Kasha la babu limebunguliwa, limepauka, limechubuka? Linavishwa, linakuwa meza. La shangazi? Linavishwa, linakuwa mzinga wa nyuki. Na ngozi yenyewe si ya ng'ombe, Kibibi, usikunje pua. Ni ngozi ya mti: ubao uliochanwa mwembamba, mwembamba, mwembamba hadi ukiushika juani unaona vidole vyako upande wa pili. Siku hizi mafundi wanaiita vinia. Inalowekwa, inapakwa gundi ya kwato, inabandikwa juu ya mbao kuukuu, inakandamizwa kwa mifuko ya mchanga wa moto. Inafunika kila kitu, kifuniko na tundu la ufunguo. Ikishakauka ndipo fundi anapita na kisu, anakata mdomo wa kasha upya.

Hiyo ni kazi. Sasa sikilizeni hofu.

Waliamini kuwa roho ya mwenye kasha hukaa ndani mpaka gundi ikauke. Ngozi mpya ikishikana na mbao za zamani, roho inaona hapa si kwangu tena. Inaanza kugonga. Ngo. Ngo. Inaaga. Hapo watu wa nyumba wanasimama mbele ya kasha, mmoja wao anatangulia kusema, "Nenda salama," na wengine wanaitikia, "Nenda salama." Na hakuna kufungua! Ukifungua gundi ikiwa mbichi, roho inamrukia aliye karibu, inamkalia kifuani, mpaka naye awe mtu wa kuvishiwa kasha. Ndiyo maana hata fundi akifunga kifuniko aliangalia pembeni. Hakuna fundi wa Kwembao aliyewahi kuchungulia ndani.

Mimi mjanja najua kuwa mbao zikivutwa na gundi zinalia. Wao walikuwa hawana mtu kama mimi.

Akafa Bibi Mwanaheri. Alimwacha binti yake, Bihawa, na mjukuu mmoja, Chande, kitoto cha kung'oka meno ya mbele, ambacho kilikuwa kikilala na bibi yake tangu kuachishwa ziwa. Bihawa akalipeleka kasha la mama yake kwa Fundi Shekulavu.

"Fundi, nivishie hili. Liwe la nguo za Chande."

"Litakuwa, mwanangu. Shuka la marehemu limo?"

"Limo, chini kabisa, kama inavyotakiwa."

Asubuhi ile ile fundi akaliacha kasha wazi uani, lipate jua. Akaingia ndani kunoa randa. Na Chande, aliyekuwa amemfuata mama yake bila kuonekana, akalisogelea kasha. Akanusa. Shuka lilikuwa bado na harufu ya bibi. Mngefanya nini nyinyi? Akaingia. Akajifunika gubigubi. Akalala.

Fundi akatoka. Akageuza uso pembeni kama ilivyo desturi. Akafunga kifuniko.

Nyamaza, Shembilu! Ukipiga kelele humwokoi.

Akapaka gundi. Akabandika ngozi. Juu, mbele, nyuma, ubavuni. Akaweka mchanga wa moto. Jua likapanda, na ndani ya kasha kukaanza kugonga.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Eh! Anagonga mapema huyu," alisema fundi.

"Bibi Mwanaheri alikuwa na haraka tangu uhai wake," jirani mmoja akajibu. "Huyu hata uji alikuwa haungoji upoe." Watu wakacheka, cheko lile la mtu anayepita makaburini.

Wakaitwa watu wa nyumba. Wakajipanga. Mwingine akauliza, "Chande yuko wapi, aje amuage bibi yake?"

"Watoto wamekwenda mtoni. Mwacheni, ataogopa," mtu akajibu.

Ngo ngo! Ngo ngo ngo! Kasha likatikisika, mfuko wa mchanga ukaanguka. Wanawake wakarudi nyuma, wanaume wakarudi nyuma zaidi.

Sauti ya mbele ikasema, "Nenda salama."

"Nenda salama!" wakaitikia.

Ndani kikasikika kilio, kwa mbali, kama paka aliye chini ya mtungi. Watu wakaziba masikio, wakapaza sauti.

"Nenda salama!"

"Nenda salama!"

Ngo ngo. Kimya. Ngo. Kimya. Ngo.

"Anaondoka!" fundi akashangilia. "Mnasikia? Anaondoka vizuri!"

Mnasikia, watoto wangu? Kadiri kugonga kulivyopungua, ndivyo wao walivyofurahi.

Sasa, fundi alikuwa na mke, Bi Nyange, mchemsha gundi, mwanamke wa mabega mapana na maneno machache. Alikuja na chungu chake kupaka pembe zilizoachia. Akainama mbele ya kasha. Akatulia hapo. Hakuinuka.

"Shekulavu. Njoo utazame."

"Nini tena, mke wangu? Watu wanaaga."

"Tundu la ufunguo linapumua."

Fundi akainama. Pale tundu lilipokuwa, ngozi ya mti ilikuwa bado mbichi, laini kama karatasi iliyoloa. Ikaingia ndani. Ikatoka nje. Ikaingia. Ikatoka. Kama koo la chura.

Jasho likamtiririka fundi mpaka kidevuni. "Ni roho," akanong'ona. "Ndiyo inatoka."

"Inatoka? Mbona inarudi?"

Bi Nyange akamwonyesha kwa kidole.

"Tazama. Inatoka, inarudi. Shekulavu, mfu anahitaji pumzi ya nini?"

Ngozi ikaingia ndani. Ikakaa huko. Haikutoka.

Bi Nyange akanyakua patasi. Uani kukawa na mayowe. "Mzuieni! Itamkalia kifuani! Atatuletea balaa!" Fundi akamshika mkono, akamshika kwelikweli, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyange, nakuomba. Sitaki kukuvishia kasha."

"Utanivishia. Niachie."

"Nyange!"

"Niachie mkono, baba. Kama nimekosea, nimekosea mimi."

Akamwachia. Bi Nyange akaichoma patasi kwenye tundu. Ngozi ikapasuka, na kasha likavuta hewa. Fiiiiiii! Watu walitimua mbio! Yule jirani mcheshi aliruka uzio, akaacha nguo yake kwenye miiba, akafika kwake kama alivyozaliwa. Waliobaki walibaki kwa sababu miguu ilikataa.

Na kwenye tundu la ufunguo kikatokeza kidole.

"Kidole cha Bibi!" mtu akapiga kelele. "Kidole cha marehemu!"

"Bibi alikuwa na kidole hiki?" Bi Nyange akawafokea. "Tazameni, wajinga nyie! Kidole hiki ni cha maiti au ni cha mtoto?"

Akakata mdomo wa kasha kwa patasi, hovyo hovyo, kazi nzuri yote ikachanika. Fundi naye akachomeka kisu upande wa pili. Kifuniko kikanyanyuka. Akatolewa Chande, midomo ya bluu, amelowa kama aliyevuliwa kisimani, kucha zimejaa vumbi la mbao, shuka la bibi limemzonga shingoni. Wakampepea. Wakamwita. Akakohoa. Akalia. Akamkimbilia mama yake, akamrukia kifuani, na mji mzima ukapiga vigelegele hadi milima ikajibu.

Na Bi Nyange hakukaliwa na roho. Aliishi mpaka akawa anatembea amejikunja kama mundu. Tangu siku hiyo mafundi wa Kwembao wanalitoboa tundu la ufunguo kwanza, kabla gundi haijakauka, na wanapofunga kifuniko wanatazama ndani, macho makavu.

Mafunzo yake, enyi msiosikia: anayegonga mfungulie kwanza, kumwogopa kutakuja baadaye. Kisa changu kimefika ukingoni. Minofu kuleni nyinyi, mifupa niachieni mimi. Nendeni kwenu.

Mbona hamwondoki?

Unasemaje, Kibibi? Sauti ya mbele? Ile iliyokuwa inatangulia kuaga, ilikuwa ya nani?

Kitoto hiki kina maswali. Nilidhani nimeipitisha vizuri, na kwa kawaida watu hawaulizi.

Haya, kaeni. Sehemu hii huwa naiacha. Hata babu alikuwa anaiacha, akanisimulia siku moja tu, nami sikumwomba arudie. Nawatania kwa mengi, hili siliwezi.

Anayetangulia kuaga ni mtoto wa marehemu. Ilikuwa sauti ya Bihawa. Alikuwa amelibandika paji la uso kwenye kasha, karibu kuliko wote, ili mama yake amsikie. Kile kilio cha paka alikisikia yeye kwanza, na ndiye aliyepaza sauti kukishinda.

Na Chande hakumkimbilia mama yake. Hilo nimelitia mimi. Mama alinyoosha mikono, na mtoto akasimama mbali nayo, akamshika Bi Nyange nguo. Vigelegele havikuwapo. Kila mtu uani alimsikia.

"Mama," akasema, "nilikuwa nakuita. Mbona uliniambia niende?"